Swali la Risasi na Gogo

12 Januari

Shangazi, shikamoo.

Najua hupendi barua za maua mengi, kwa hiyo nakusalimu mara moja na kuendelea. Mimi ni mzima. Bibi naye ni mzima kwa kiasi chake: mkono wa kushoto haujaamka tangu apooze, mguu unajitahidi, ulimi ndio uliopona kuliko vyote. Jana kanifokea kwa sababu chai ilikuwa vuguvugu. Fundi viatu wa chumba cha mbele anakusalimu sana. Ndiye anayenisaidia kumnyanyua Bibi asubuhi kabla sijaenda kazini. Bado niko kwenye ghala la sabuni, nasukuma toroli kutwa, na nikirudi nyumbani hata wali unanukia sabuni.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Matokeo yametoka. Nimefaulu yote isipokuwa fizikia, na kwenye fizikia kilichoniangusha ni maswali ya momenta. Chuo cha uhandisi wameniandikia kwamba nafasi yangu wataishikilia mwaka mmoja tu. Nikirudia mtihani mwezi wa kumi nikapata, naingia Februari ya mwakani. Nisipopata, wanampa mwingine, na mimi nitazeeka na sabuni.

Wewe unafundisha fizikia, na kila mwaka unaitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Najua pia kwamba hujakanyaga hapa tangu tulipomzika baba. Hilo sikuulizi. Naomba unifundishe kwa barua, maana mwalimu wetu wa masomo ya jioni anachojua ni kusoma kitabu kwa sauti kisha kukifungia kabatini. Nakuwekea swali moja nililokosa pamoja na jibu langu. Usicheke.

Mtoto wa kaka yako.


3 Februari

Marahaba.

Barua nimeipata. Huku shule imefunguliwa, wasichana wapya wamelia wiki nzima na sasa wamenyamaza. Mimi ni mzima. Kiuno kinanisumbua, lakini nacho kitachoka chenyewe. Mwalimu mkuu anastaafu mwakani na watu wameanza kuniamkia kwa sauti ya adabu kuliko kawaida, kwa hiyo nadhani wanajua jambo ambalo mimi bado sijaambiwa.

Nimecheka. Toroli ya kilo tatu inakwenda kulia kwa mita nne kwa sekunde. Toroli ya kilo mbili inakuja kushoto kwa mita sita kwa sekunde. Zinagongana na kushikana. Wewe umejumlisha kumi na mbili na kumi na mbili, ukagawa kwa tano, ukapata nne nukta nane. Nani alikuambia toroli zinazokabiliana zinajumlishwa kama mayai kwenye kapu? Na hukuandika hata kizio. Huku wasichana wananiita Kizio, kwa sababu jibu lisilo na kizio naliwekea sifuri bila kupepesa jicho. Nakuambia mapema usije ukalia.

Momenta ni tungamo mara kasimwelekeo, na kasimwelekeo ina upande. Kabla hujagusa namba, chora mshale. Kulia chanya, kushoto hasi. Kisha andika sentensi hii kwa maneno yako yote: momenta yote kabla ya kugongana ni sawa na momenta yote baada ya kugongana, maadamu hakuna kani ya nje. Sentensi hiyo ina alama yake. Nimeona vijana wenye akili wakiikimbia kwa haraka zao, na nimewakata alama yao kwa raha.

Rudia swali hilo. Nyuma ya karatasi nimekuwekea mengine manne. Usiniletee jibu bila mshale. Sina muda wa kumfundisha mtu mvivu, hata awe damu yangu.

Shangazi yako.


1 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimepata sifuri! Kumi na mbili kutoa kumi na mbili. Zinagongana na kusimama papo hapo. Nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu, kisha nikacheka peke yangu jikoni mpaka Bibi akaniuliza nimekunywa nini. Manne uliyoniwekea nayo nimeyafanya, yamo humu, mishale yote na vizio vyote. Sasa naiona momenta kila mahali. Nikisukuma toroli ghalani nachora mshale kichwani.

Habari za nyumbani si nzuri. Wiki iliyopita Bibi alipata kiharusi kingine, kidogo, lakini kimemchukua mguu uliokuwa unajitahidi. Sasa ni wa kugeuzwa kitandani. Daktari anasema anahitaji mtu wa kutwa. Ghala limenibadilishia zamu, nafanya asubuhi tu, na fundi viatu anaufungua mlango wa kati ili amsikie akiita huku yeye anashona. Si ndugu yetu, na hajawahi kulalamika, lakini ni mwanamume, kuna mambo hawezi kumfanyia.

Kwa hiyo nakuuliza wazi. Nikifaulu, Februari naondoka. Bibi atabaki na nani? Wewe ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Nimewaza kwamba umchukue akae kwako, au uombe uhamisho uje hapa. Najua mna yenu ya zamani, na hakuna aliyewahi kuniambia ni yapi. Naomba unijibu hili kwanza, kisha ndipo unisahihishie maswali.

Mtoto wa kaka yako.


20 Mei

Mwanangu mpendwa,

Usinihesabie ukimya. Tulikuwa na mitihani ya majaribio, kisha bodi ya shule ikaja kukagua, na mimi ndiye niliyekuwa mbele kuwatembeza kila darasa mpaka vyooni. Mvua zimekuwa nyingi. Wasichana wawili wamevunjika mkono kwenye ngazi ileile. Kiuno changu kimepata nafuu.

Maswali yako ni safi. Sikutarajia, nasema kweli. Una akili ya baba yako bila uzembe wake. Ukiendelea hivi utafaulu, sina shaka hata kidogo.

Kwa sababu umefika hapo, sasa nikupe jambo ambalo mwanzoni nilikurahisishia. Ile sentensi ya momenta inatumika pale vitu vyote viwili vinapokuwa kwenye mwendo. Kimoja kikiwa kimesimama, kisha vikagongana na kushikana, watahini wanataka njia ya nishati. Nishati ya mwendo kabla ni sawa na nishati ya mwendo baada. Mfano: kitu cha kilo mbili kinakwenda mita nne kwa sekunde, kinakigonga cha kilo mbili kilichosimama, vinashikana. Nusu mara mbili mara kumi na sita, unapata kumi na sita. Baada ya hapo tungamo ni kilo nne, kwa hiyo mraba wa kasi ni nane, na kasi ni mita mbili nukta themanini na tatu kwa sekunde. Shika hiyo. Swali la aina hii huja karibu kila mwaka na huwa na alama nyingi kuliko yote.

Nimekuwekea matatu ya kufanyia mazoezi. Usimwonyeshe mwalimu wa jioni, atakuchanganya.

Nakupenda, mwanangu.

Shangazi yako.


9 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi umeniita mwanangu. Hujawahi, hata siku ya msiba wa baba.

Huku ni baridi na vumbi. Ghalani wametuletea toroli mpya za chuma, zina ndoano mbele na nyuma, ukiigongesha moja kwenye nyingine zinanasana zenyewe na kwenda pamoja. Msimamizi anatukataza kuchezea, kwa hiyo tunachezea akienda kula.

Maswali matatu nimeyafanya kwa njia ya nishati, kama ulivyosema. Ule mfano nao nimeurudia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, nimepata mbili nukta themanini na tatu kama wewe. Lakini, Shangazi, nakuomba kitu kimoja. Uangalie tena njia hii kwa makini, hasa hapo mwanzo, kabla ya namba. Kama kuna mahali tumeteleza, wewe au mimi, niambie sasa. Sitaona haya na sitakuuliza kwa nini. Mtihani ni mwezi wa kumi, bado muda upo.

Bibi sasa anameza kwa shida. Namlisha kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kinachukua muda wa wimbo mzima wa redio. Vidonda vya mgongoni navisafisha asubuhi na jioni. Nilikuuliza jambo mwezi wa tatu, labda ukurasa ule ulidondoka njiani, kwa hiyo nauliza tena: utamchukua, au utakuja?

Mtoto wa kaka yako.


25 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Hapa hatujambo. Mwalimu mkuu ametangaza rasmi kwamba anaondoka, na barua yangu ya kuteuliwa iko mezani kwa mtu inasubiri sahihi. Wasichana wa mwisho wamevaa sura za mtihani, hawacheki hata ukiwatekenya. Nimebadilisha miwani.

Nimeyapitia maswali yako yote, mwanzo mpaka mwisho. Ni sahihi kabisa. Njia ni hiyohiyo, usiibadilishe. Mtu akikuambia vingine, mwambie umefundishwa na msahihishaji wa taifa.

Jambo moja. Mlinzi ameniambia kwamba ulipiga simu ofisini. Nakuomba usirudie. Simu ile ni ya shule, inasikika mpaka chumba cha walimu, na wakati huu sitaki watu wachokonoe habari zangu. Ukiwa na neno, andika.

Pia nimekuwa nikikufikiria. Si lazima kila mtu awe mhandisi. Hapohapo mjini kwenu kuna chuo cha walimu wa watoto wadogo, wanaingia asubuhi na kutoka saa saba. Ungelala nyumbani. Ungekuwa na kazi ya heshima na bado ungekuwepo. Ufikirie, usinijibu kwa pupa.

Shangazi yako.


2 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Mtihani umekwisha. Mimi ni mzima, nimepungua kidogo, suruali za kazini nazifunga kwa kamba. Nyumbani kumetulia. Nimehamia chumba cha ndani, kina dirisha na hewa nzuri, nikakipaka rangi mwenyewe. Fundi viatu ameufunga ule mlango wa kati, anasema upepo ulikuwa unamkaushia gundi.

Swali la momenta lilikuja, lina alama nyingi kuliko yote, hapo hukunidanganya. Risasi ya gramu ishirini inakwenda mita mia tatu kwa sekunde. Inaligonga gogo lililosimama, inazama ndani yake, na vyote viwili kwa pamoja ni kilo mbili. Tafuta kasi yao baada ya hapo. Msichana wa mbele yangu aliguna kwa sauti mpaka msimamizi akamkodolea macho. Mimi nilichora mshale, nikatulia, nikafanya kwa njia ninayoiamini.

Matokeo ni Januari. Nimefikiria kuhusu chuo cha watoto wadogo kama ulivyosema, na bado nafikiria. Simu sijapiga tena.

Mtoto wa kaka yako.


1 Desemba

Mwanangu,

Hongera kwa kumaliza. Huku shule zimefungwa, bweni ni tupu, nasikia viatu vyangu mwenyewe nikitembea. Sahihi imetiwa. Kuanzia Januari mimi ndiye mwalimu mkuu, na nyumba yangu sasa ni ile ya lango, ina sebule na chumba kimoja cha kulala. Karatasi za upande wenu hazikuja mezani kwangu mwaka huu, zilikwenda kwingine.

Swali la risasi nimeliona. Naamini ulipata thelathini. Kama ndivyo, tulia, umefanya kama ulivyofundishwa.

Lakini nakuandaa moyo, kwa sababu nakupenda. Mitihani ina mambo yake. Unaweza kufanya vizuri na bado usipate. Ikitokea hivyo usijifungie ndani ukalia kama mtu wa kwanza duniani kukosa. Jina lako nimeshalipeleka chuo cha walimu wa watoto, wamekubali kukupokea bila usaili.

Na kwa kuwa ulisema hakuna aliyewahi kukuambia, nakuambia mara moja na sitarudia. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tano nilikuwa wa kwanza darasani. Mama akanitoa shule nikamtunze mkwewe, mama wa baba yangu, aliyelala miaka miwili hawezi hata kujikuna. Nikabeba beseni miaka miwili. Baba yako aliendelea kusoma, wala hakuwa wa kwanza, wala wa kumi. Niliporudi, nilikaa dawati la mbele na watoto waliokuwa wakinyonya vidole nilipoondoka. Mama hakusema pole. Alisema msichana habanduki kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Mimi deni hilo nilishamlipa mbele kwa mbele. Wewe ni kijana, una nguvu. Miaka miwili utaivumilia. Mimi niliivumilia.

Shangazi yako.


28 Januari

Shangazi, shikamoo.

Hongera kwa cheo. Mimi ni mzima. Fundi viatu ni mzima, amenishonea viatu vya safari na kukataa hata asante.

Nimefaulu. Fizikia nimepata alama ya juu kuliko wote waliofanya mtihani kituoni kwetu. Chuo cha uhandisi naripoti tarehe tano, barua hii naiweka posta nikiwa njiani kwenda stendi.

Sikupata thelathini. Nilipata mita tatu kwa sekunde. Sifuri nukta sifuri mbili mara mia tatu ni sita, gawa kwa mbili. Nikaandika na ile sentensi yako ya mwezi wa pili kwa maneno yote, ile ya kweli, wakati ulikuwa bado unanifundisha.

Nikuambie nilivyojua. Barua yako ya Mei ilipofika nilifurahi, nikaisoma kwa sauti. Siku mbili baadaye, msimamizi alipokwenda kula, nilichukua toroli mbili mpya, tupu, zinazolingana. Moja nikaisimamisha, nyingine nikaisukuma na kuiachia. Sakafu ya ghala ni ya vibamba vikubwa vya zege. Nilihesabu kwa mdomo, moja, mbili. Kabla ya kunasana, kila kibamba ilikipita kwa hesabu moja. Baada ya kunasana, kila kibamba kilichukua hesabu mbili. Kwa njia yako kingechukua chini ya moja na nusu. Nikasema ni msuguano, nikatia mafuta magurudumu. Ikaja mbili. Nikasema ni mkono wangu, nikamwita mwenzangu asukume yeye. Mbili. Mwenzangu akaniuliza mbona unalia, nikamwambia ni sabuni.

Nilikataa kuamini kwamba ni makusudi. Nikajisemea amechoka, ana kazi nyingi, miwani imeisha nguvu. Ndiyo maana Juni nikakuandikia kwa upole uangalie tena mwanzo wa njia. Nilikufungulia mlango kabisa, Shangazi. Ungesema tu, mwanangu niliteleza, mambo yangekwisha, na nisingemwambia mtu mpaka naingia kaburini. Ukanijibu kwamba ni sahihi kabisa.

Ulitaka nishindwe nibaki na beseni, ili asiletwe mtu kwenye lango lako. Hayo nimeyaelewa. Sasa na wewe elewa haya.

Tarehe kumi na moja Agosti, Jumapili, Bibi aliamka anapumua kwa kukoroma. Fundi viatu alikwenda kumtafuta daktari, akamkosa. Nikamwacha fundi kando ya kitanda nikakimbia kupiga simu shuleni kwako. Mlinzi akapokea. Nikamwambia mwite mwalimu, ni mimi mtoto wa kaka yake, ni haraka. Akauweka chini mkono wa simu, nikasikia hatua zake zikienda, kisha zikirudi. Akasema, "Dada, mwalimu anasema yuko darasani." Nikamwambia, "Kaka, leo si Jumapili?" Akasema, "Ndivyo alivyosema, dada. Nisamehe bure."

Niliporudi Bibi alikuwa ameshakata roho. Fundi alikuwa amemshika mkono, ule uliopooza.

Siku unaandika kwamba maswali yangu ni sahihi kabisa, mama yako alikuwa na wiki mbili kaburini. Siku unanitafutia chuo cha kutoka saa saba, nilikuwa naosha lile godoro. Uliponiambia Desemba kwamba miaka miwili nitaivumilia, hakukuwa na mtu wa kuvumiliwa.

Utasema nilikuficha. Sikukuficha. Nilisubiri uniulize. Zisome tena barua zako, najua unaweka nakala ya kila kitu. Kutoka Februari mpaka Desemba hakuna mahali umeandika, mama yu hali gani. Umeuliza mishale, umeuliza vizio. Ungeuliza hata kwa neno moja mwishoni, pembeni ya karatasi, ningekuambia siku hiyohiyo.

Mtoto wa kaka yako.


10 Februari

Amezikwa wapi?

Nani alimwosha? Alivaa nini? Nilikuwa nimemnunulia kitenge cha zambarau mwaka ule wa kwanza nilipoanza kazi, sijui kama alikitumia au alikigawa. Aliugua sana mwishoni au aliondoka haraka? Neno "kukoroma" halitoshi, eleza vizuri.

Sikukuomba msamaha na sikuombi. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini? Lakini mtu haachwi hivi, asijue mama yake amelala wapi. Hata mfungwa huambiwa. Ofisi mpya nimepewa, kuna watu wamekuja na maua, nikawaambia nina homa wakaondoka.

Nimekwenda. Nilisafiri Jumamosi, bila kumuaga mtu. Nyumba ina wapangaji wengine. Fundi viatu alinitazama, akaniuliza kiatu kiko wapi. Nikamwambia mimi ni nani. Akaendelea kushona. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja mpaka akafunga.

Niandikie mahali pa kaburi. Andika leo.

Mimi.


3 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilizunguka kwanza ofisi ya chuo, ndiyo maana nimechelewa. Mimi ni mzima. Tumepangwa wanne chumba kimoja, kitanda changu ni cha juu, na karakana inafunguliwa asubuhi mapema, tunaanza na kupiga tupa kwenye chuma mpaka viganja vinachubuka. Wasichana tuko sita darasa zima. Wavulana wameacha kutucheka baada ya jaribio la kwanza.

Nakujibu yote, kwa sababu umeuliza.

Aliondoka haraka. Kukoroma ni kukoroma, sina neno jingine. Mimi nilimwosha, pamoja na mke wa mwenye ghala, ambaye hata hakumjua. Kitenge cha zambarau alikuwa nacho. Alikitandika kwenye kiti chake miaka yote na hakuruhusu mtu akikalie isipokuwa yeye. Ndicho tulichomzungushia.

Kuhusu kaburi, nenda makaburi ya manispaa, yale yaliyo nyuma ya kiwanda cha matofali. Ingia lango dogo, si lile la magari. Fuata ukuta mkono wa kulia mpaka unapokutana na bomba la maji, kisha hesabu safu ya tatu. Hakuna jiwe, kuna kibao cha bati chenye namba mia nne na kumi na mbili. Ukikosa, muulize mchimbaji, mzee mrefu asiye na kidole gumba.

Lakini hatakupeleka hivihivi. Pale kuna sheria, kaburi la mtu haonyeshwi asiyeandikwa kwenye ofisi yao, maana kuna watu waliwahi kuiba vibao. Siku ya mazishi karani wao alinishikia kalamu akaniuliza majina ya ndugu wa marehemu. Nikamtajia jina langu tu. Akaniuliza kama marehemu ana mtoto aliye hai.

Nikamwambia hana.

Karani akarudia swali, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na mimi nikarudia jibu. Fundi viatu alikuwa amesimama kando yangu, akaweka sahihi kama shahidi. Kwa hiyo ukifika pale ukasema wewe ni bintiye, watakutazama kama walivyozoea kuwatazama waongo. Jitetee utakavyoweza. Mimi kuandika barua ya kukutambulisha siwezi, nina mtihani Ijumaa.

Mtoto wa kaka yako.